Mechi ya Kupangwa kwa Shilingi 500? Hebu Tupige Hesabu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata. Itangoja kidogo, maana kuna jambo linanikereketa na nikilichelewesha litapoa.

Ukipita Kitui mjini, Kwa Vonza, Wote au Emali saa za jioni utawakuta vijana wameketi juu ya bodaboda zao au mbele ya kibanda cha M-Pesa, simu mkononi. Zamani mazungumzo yangekuwa ya mvua na bei ya ndengu. Siku hizi ni odi, zile namba zinazozidisha dau lako ukishinda. Kampuni ya GeoPoll ilipowauliza vijana wa Afrika mwaka 2017, ilipata kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari. Hata Nigeria na Afrika Kusini tuliwapita. Sijui tupige makofi ama tulie.

Juzi kijana mmoja wa ukoo wetu anayesoma chuo huko Kitui alinitumia picha ya skrini kutoka Telegram. Kuna mtu anauza "mechi za kupangwa": shilingi 500 kwa mechi moja, 1,500 kwa wiki nzima. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta, "Kaka, huyu jamaa ni wa kweli ama ni mkora?" Pesa alizotaka kulipia ni za mkopo wa HELB, yaani chakula chake na kodi ya chumba.

Swali lake lina maswali mawili ndani yake. La kwanza: je, mechi huuzwa? La pili: je, huyu anaweza kuniuzia mimi? Jibu la kwanza ni ndiyo. La pili ni hapana. Biashara nzima ya hawa wauzaji inasimama juu ya jambo moja, kwamba watu wakishasikia jibu la kwanza hudhani wamejibiwa la pili.

Tuanze na la kwanza, maana hapo ndipo kuna mambo.

Mechi huuzwa, na hapa Kenya tumeshuhudia. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo ya ligi yetu, na mmoja wao akafungiwa maisha. Mwaka 2021 Zoo FC ya Kericho iliondolewa kwenye ligi kuu kwa tuhuma za aina hiyohiyo. Januari 2023 shirikisho la soka, FKF, likawasimamisha wachezaji 14 na makocha wawili kwa mkupuo. Kumbuka pia hali ya pesa. Mwaka 2019 leseni za kampuni kadhaa kubwa za kubashiri hazikurudishwa, SportPesa ikavunja udhamini wake, na ligi kuu ikabaki bila mdhamini. Mchezaji asiyelipwa miezi mitatu, mwenye mke na mtoto, halafu mtu kutoka ng'ambo anamwekea mezani mshahara wa mwaka ili afungwe bao moja kipindi cha pili... Simtetei. Nasema tu kwamba bei yake imeshushwa na wengine kabla mnunuzi hajafika.

Sasa ukitafuta mchezaji aliye rahisi kununuliwa kuliko huyo, utamkuta wapi? Chuoni. Yeye halipwi kabisa. Ndiyo maana nchi yenye historia ndefu kuliko zote ya kununua wanafunzi ni Marekani, kwenye mpira wa kikapu wa vyuo. City College ya New York ilitwaa mataji mawili makubwa mwaka 1950, na mwaka uliofuata wachezaji wake wakakamatwa kwa kuuza mechi, pamoja na wenzao wa vyuo vingine kadhaa. Mwaka 1994 nyota wa Arizona State, Stevin Smith, alikuwa na deni la kamari la dola 10,000. Aliyekuwa akimdai ni mwanafunzi mwenzake! Deni likalipwa uwanjani.

Hebu nieleze lilivyolipwa, maana ni ujanja wa kipekee. Katika kikapu watu hawabashiri tu nani atashinda, hubashiri pia kwa pointi ngapi. Timu kali huwekewa mstari, tuseme pointi 14. Ukiibashiri, unalipwa pale tu inaposhinda kwa zaidi ya 14. Sasa mchezaji aliyenunuliwa haambiwi apoteze mechi. Anaambiwa ashinde kwa 10. Timu inashinda, kocha anafurahi, wazazi wanapiga vigelegele, na mwizi analipwa. Nani atamshuku mtu aliyeshinda?

Takwimu ndizo zilizomshuku. Mwaka 2006 mchumi Justin Wolfers alichukua matokeo ya mechi 44,120 za vyuo vya Marekani, kuanzia 1989 hadi 2005, akayalinganisha na mistari ya wabashiri. Ukichora tofauti hizo kwenye karatasi unapata umbo la kichuguu kama vile vya kwetu Ukambani: zimejaa katikati, zinapungua pembeni, pande zote mbili sawa. Lakini kwa timu zilizotarajiwa kushinda kwa zaidi ya pointi 12, kichuguu kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Timu hizo zilishinda mechi kama ilivyotarajiwa, ila mara nyingi mno zilikomea chini kidogo ya mstari, na mara chache mno zikaupita kidogo. Alikadiria kwamba karibu asilimia 6 ya timu kali kiasi hicho zilikuwa tayari kuchezea matokeo, na kwamba karibu asilimia 1 ya mechi zote ziliguswa. Hakuna mechi hata moja aliyoitazama. Data tu na kompyuta ya kawaida. Mimi kama mwandishi wa programu nilipoisoma mara ya kwanza, mate yalinidondoka.

Lakini tusikimbilie shangwe. Wachumi wengine wawili, Bernhardt na Heston, walirudi kwenye data ya aina hiyo wakaonyesha kwamba kichuguu hubonyea vilevile hata kwenye mechi ambazo hakuna dalili ya pesa za ajabu kuingia. Kwa nini? Fikiria timu inayoongoza kwa pointi 18, zimebaki dakika tatu. Kocha anawapumzisha nyota wake, wanaocheza wanapoteza muda, pengo linapungua. Hakuna aliyehongwa. Ni mchezo tu.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, maana ndipo watu wengi, wakiwemo baadhi ya wenzangu wa kompyuta, huteleza. Chukua mechi 1,000. Tuseme 10 zimeuzwa. Unaandika programu nzuri sana: inanasa 9 kati ya hizo 10, na kwenye mechi safi inakosea mara 5 tu kwa kila 100. Sifa tele, sivyo? Sasa hesabu. Mechi safi ni 990, asilimia 5 yake ni kama 50. Kwa hiyo programu yako itapiga kengele mara 59, na kati ya hizo ni 9 tu zilizouzwa kweli. Ukitangaza majina ya wote waliolizwa kengele, umewachafua watu wa mechi 50 ili uwapate wa 9.

Watu wa Makueni wanalielewa hili kuliko wanavyojua. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021. Mkaguzi hapasui kila embe. Anachukua sampuli, akipata funza kwenye machache shehena nzima inazuiwa. Lakini hawezi kukuambia, kwa kutazama sampuli, ni embe lipi kwenye kikapu chako lina funza. Takwimu husema juu ya kikapu. Ukitaka kujua juu ya embe moja, lazima upate kisu.

Kwenye michezo kisu ni simu na miamala ya pesa. Mfano bora ninaoujua ni wa mieleka ya sumo kule Japani. Mwaka 2002 Mark Duggan na Steven Levitt walionyesha kwamba mwanamieleka mwenye ushindi 7 na vipigo 7, anayehitaji mmoja tu ili asishushwe ngazi, akikutana na mwenye 8 kwa 6 ambaye tayari yuko salama, hushinda karibu asilimia 80 ya mara, wakati uwezo wao ungempa kama nusu tu. Wakubwa wa sumo walikana. Mwaka 2011 polisi wakiwa kwenye uchunguzi mwingine wakakuta ujumbe kwenye simu za wanamieleka wakipangiana kuanguka, na mashindano ya Machi yakafutwa. Takwimu zilionyesha mlango miaka tisa kabla ya mtu kuufungua. Hapa kwetu pesa nyingi hupita M-Pesa, na kila muamala una muda, kiasi na namba. Kisu tunacho, na ni kikali.

Tuje sasa kwa jamaa wa Telegram.

Kwanza fikra ya kawaida tu. Mtu anayejua kwa hakika matokeo ya mechi anashindwaje kukopa, kuweka dau kubwa na kukaa kimya? Kila anayemwambia anaongeza hatari ya odi kushuka na polisi kubisha hodi. Siri ya mamilioni haiuzwi kwa bei ya kuku.

"Lakini kaka, mechi tano zilizopita zote amepata!" Sawa. Hebu tumtengenezee programu. Ninazo namba za watu 7,290. Mechi ina matokeo matatu: wenyeji washinde, sare, wageni washinde. Wiki ya kwanza nawagawa mafungu matatu, kila fungu nalitumia jibu lake, bure. Baada ya mechi, watu 2,430 wamepata jibu sahihi. Waliobaki siwaandikii tena. Wiki ya pili nawagawa hao tena tatu: 810. Ya tatu: 270. Ya nne: 90. Ya tano: 30. Hao 30 wameona kwa macho yao nikipatia mechi tano mfululizo. Wanaapa. Sasa ninaomba pesa. Mimi sijui chochote kuhusu mpira, na programu yenyewe ni kama mistari ishirini ya Python. Wengine hata hawajisumbui hivyo, wanarudi tu kwenye kundi la Telegram na kufuta ujumbe uliokosea.

Na hata bila mkora katikati, hesabu ya kamari yenyewe imeshakupangia. Tuchukue mechi yenye odi 2.00, 3.20 na 3.40. Gawanya 1 kwa kila moja, ujumlishe: 0.50 na 0.3125 na 0.294. Unapata 1.107. Ingekuwa kampuni haichukui kitu, jumla ingekuwa 1 kamili. Maana yake, ukibashiri ovyo kwa odi hizo, kwa kila shilingi 100 utarudishiwa kama 90 kwa wastani, kabla ya kodi. Si mbaya? Ngoja. Wenzetu wa Tanzania huita tiketi ya mechi nyingi mkeka. Mkeka wa mechi tano za namna hiyo unazidisha makato mara tano: 100 yako inabaki 60. Mkeka wa mechi kumi: 36. Ndiyo maana wanakupa bonasi ukiongeza mechi! Jakpoti ya mechi 17 nayo, kwa kubahatisha tu, ina njia 129,140,163. Najua Samuel Abisai alishinda milioni 221 mwaka 2017 na Cosmas Korir milioni 208 mwaka 2018. Wapo kweli, na tunawajua kwa majina kwa sababu ni wachache kiasi cha kujulikana kwa majina.

Wazee fulani husikia haya wakaniambia, "Basi hata hisa ni kamari." Wana hoja kidogo. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, mwaka uliofuata ikashuka chini ya 3, na watu wengi wakauza kwa hasira. Mwaka 2021 ilipita 40, halafu ikashuka tena. Hakuna aliyeweza kukuhakikishia lolote kati ya hayo. Tofauti ni kwamba nyuma ya hisa kuna kampuni inayouza kitu na kugawa faida. Ni kama mkulima wa ndengu pale Mwingi: mvua inaweza kumtupa mwaka huu, lakini mbegu yenyewe, misimu mingi ikijumlishwa, huzaa zaidi ya ilivyopandwa. Mbegu ya mkeka huzaa 60 kwa kila 100, mvua inyeshe isinyeshe. Serikali ilipoleta M-Akiba mwaka 2017, shilingi 3,000 zilikuwa zinaleta 300 kwa mwaka bila kodi. Haikumpa mtu usingizi wa mang'amung'amu, lakini 300 ni 300.

Tena kwenye uwekezaji pia dalili ya wizi ni hiyohiyo: uhakika. Bernard Madoff aliwalipa wateja wake wa Marekani faida iliyotulia mwezi baada ya mwezi, soko lipande lishuke. Mtaalamu wa hesabu Harry Markopolos aliwaandikia wasimamizi wa soko kuanzia mwaka 2000 kwamba mstari ule ulikuwa umenyooka kupita uwezo wa soko. Hakusikilizwa hadi Madoff alipoanguka Desemba 2008. Na usidhani ni mambo ya Wazungu. Hapa kwetu miradi ya piramidi, DECI ikiwa maarufu kuliko yote, ilivuna watu hadi makanisani katikati ya miaka ya 2000. Jopo lililoundwa mwaka 2009 na kuongozwa na Francis Nyenze, mtu wa Kitui Magharibi, lilipata kwamba zaidi ya watu 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Kila mmoja wao aliahidiwa kiasi kamili na siku kamili. Faida halali haijui tarehe yake vizuri hivyo.

Sasa maoni yangu, maana ndiyo niliyokujia kuandika.

Agosti 2025 Rais alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966 iliyoandikwa wakati kamari ilikuwa meza na karata. Wengi wanabishana juu ya matangazo na kodi. Mimi ningependa kanuni za sheria hiyo ziseme kwa herufi kubwa kwamba hakuna kampuni itakayopokea dau kwenye mechi ya wanafunzi, iwe ya shule za sekondari au ya vyuo chini ya KUSA. Nasikia wengine wakisema, "Nani atabashiri mechi ya SEKU?" Kampuni za kubashiri zinahitaji mechi kila saa, mchana na usiku, na zimeshafika hadi kwenye mechi za vijana na ligi za chini za nchi ambazo hatuwezi kuzionyesha kwenye ramani. Anayepiga picha za mechi kwa simu yupo kila kiwanja. Siku odi zitakapofika chuoni, beki wa timu atakuwa na miaka 20, halipwi, Fuliza inamdai, na huenda yeye mwenyewe anadaiwa na muuza mikeka wa hosteli. Stevin Smith hakuwa na Telegram.

Na kuna jambo la pili ambalo halihitaji sheria. Huwezi kupata kichuguu kilichobonyea kama huna kichuguu. Wolfers alikuwa na mechi 44,120 zilizoandikwa vizuri. Matokeo ya michezo ya vyuo vyetu yako kwenye madaftari, kwenye mabango ya Facebook na kwenye kichwa cha mwalimu wa michezo anayekaribia kustaafu. Vyuo vyetu vinafundisha takwimu. Wanafunzi wanafanya zoezi la mauzo ya magari ya Marekani kutoka vitabuni wakati mechi inachezwa nje ya dirisha.

Kwa hiyo ombi. Kama wewe ni mwalimu au mwanafunzi wa takwimu SEKU, Wote Technical au chuo kingine chochote cha Kitui na Makueni, anzeni faili moja la Excel msimu huu. Tarehe, kiwanja, timu mbili, matokeo ya kipindi cha kwanza, matokeo ya mwisho, kadi, na dakika ya kila bao. Majina ya wachezaji msiyaweke, kwa sababu ya zile mechi 50 nilizozitaja. Nitumieni, nami nitaandika programu ya kulisoma na kulichora, bila malipo, na msimbo nitauweka wazi ili kila mtu aukague. Dakika za mabao msizisahau hata mkichoka. Hizo ndizo zenye utamu.